SAA YA KHANJARI: Mali Adimu, Haki ya Warithi na Thamani ya Wakati

Bismillahi Rahmani Rahim.

Somo letu la mara hii limetokana na mas'ala tuliyoletewa kutoka upande wa Garsen, katika bonde la Mto Tana. Mas'ala yenyewe yahusu saa ya mkono. Huenda msomaji akastaajabu kuona darsa nzima yafanywa kwa ajili ya kitu kidogo kama hicho, ambacho kila mtu aweza kukipata sokoni, na asiyekuwa nacho hutazama wakati katika simu yake. Walakini saa tunayoikusudia hapa si ya kutazamia wakati tu. Ni saa ya toleo maalumu, iliyotengenezwa kwa idadi ndogo, ambayo matajiri wa dunia huiwania kwa mamilioni. Ndani ya kitu hicho kidogo mna mas'ala ya urithi, mna zaka, mna dhahabu, mna uuzaji na ununuzi, na mna israfu. Basi twamuomba ndugu msomaji atusikilize mpaka mwisho, kwani leo ni saa, na kesho huenda ikawa jambia la babu, au mlango wa nakshi, au shamba la miembe.

Saa hizi ni zipi?

Watengenezaji wakubwa wa saa za fahari wako Uswisi. Mashuhuri katika hao ni Rolex na Patek Philippe. Baadhi ya saa zao huwa na alama maalumu ya mtu au ya nchi iliyoziagiza, nazo ndizo zinazotafutwa mno. Katika hizo, iliyo karibu nasi sisi watu wa pwani ni ile iitwayo saa ya khanjari.

Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman tarehe 23 Julai 1970, akafariki tarehe 10 Januari 2020. Katika miaka ya 1970 na baada yake, saa za Rolex ziliagizwa kwa ajili yake kupitia duka la Asprey la London, zikiwa zimechorwa usoni alama ya Oman: khanjari na panga mbili zilizopishana. Nyingine alama yake ni nyekundu, nyingine kijani, nyingine ya rangi ya dhahabu. Sultani alizitoa kuwa tunu kwa watu waliomtumikia, wakiwamo askari wa Kiingereza waliopigana katika vita vya Dhofar, vilivyokwisha katikati ya miaka ya 1970. Saa hizi hazikuwekwa dukani kila mtu akazinunua. Mtu alikuwa hazipati illa kwa kupewa. Kwa sababu hiyo ni adimu hata leo.

Na sote twajua kwamba baada ya mwaka 1970 jamaa zetu wengi wa pwani, wa Unguja na Pemba na Mombasa na Lamu, walikwenda Oman, wengine kwa asili yao na wengine kwa kutafuta riziki. Si ajabu basi kwamba mzee mmoja au wawili walirejea na saa kama hizo mikononi, wakazivaa shambani na msikitini, wala wasijue kwamba siku moja zitakuwa mali ya kugombewa.

Bei yatoka wapi?

Mtu mwenye akili atauliza: je, saa ya mamilioni hutaja wakati vizuri zaidi? Jawabu ni la. Tarehe 25 Disemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa ya mkono ya kwanza iendayo kwa betri na jiwe la kwatzi. Tangu hapo saa ya bei rahisi imekuwa na usahihi kuishinda ya bei ghali. Saa ya betri ya kawaida hukosea sekunde kama 15 hadi 30 kwa mwezi mzima. Ama saa ya chuma cha kuzungusha, hata ile iliyopewa cheti cha usahihi huko Uswisi, yaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku; na sekunde 6 kwa siku ni dakika tatu kwa mwezi. Kwa hiyo muadhini wa Minjila aliyevaa saa ya betri ya shilingi elfu mbili ana usahihi zaidi kuliko tajiri wa Geneva.

Basi bei haitoki katika kazi ya saa. Yatoka katika mambo matatu: uchache wake, habari yake, na matamanio ya watu. Tazama mifano hii. Mwigizaji wa Kimarekani, Paul Newman, alinunuliwa na mkewe saa ya Rolex dukani, saa ambayo wakati ule haikuwa na thamani ya kutisha. Mwezi wa Oktoba 2017 saa ile ile iliuzwa mnadani New York kwa dola 17,752,500. Tarehe 9 Novemba 2019 saa moja ya Patek Philippe, iliyotengenezwa moja tu ya chuma, iliuzwa Geneva katika mnada wa sadaka kwa faranga za Uswisi milioni 31. Na Disemba 2021 saa ya Patek Philippe yenye uso wa buluu, iliyotengenezwa kwa idadi ya 170 tu pamoja na duka la Tiffany, iliuzwa mnadani kwa dola 6,503,500, hali ya kuwa bei yake ya dukani ilikuwa dola 52,635.

Mwenye kuyasikia haya yampasa ayasikie na upande wa pili. Bei za saa hizi katika soko la mkono wa pili zilipanda sana mpaka mwanzo wa mwaka 2022, kisha zikashuka. Aliyenunua kileleni kwa kukopa alibaki na deni kubwa na saa iliyopungua thamani. Kitu ambacho bei yake imesimama juu ya matamanio ya watu, siku matamanio yakiondoka, na bei huondoka nayo.

Mas'ala ya Garsen

Sasa tuyatazame mas'ala yenyewe. Mzee mmoja, mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Garsen, alifanya kazi Muscat miaka mingi. Huko mkubwa wake wa kazi alimtunuku saa yenye alama ya khanjari. Aliporudi kwao aliivaa kila siku. Akaingia nayo katika shamba la mpunga, akavukia nayo mto, na kwa saa hiyo alijulia nyakati za sala. Alipofariki aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mtoto mkubwa akaichukua saa ile.

Akatokea mfanyabiashara akataka kuinunua kwa bei ya mitamba miwili. Kijana akakataa, kwani alitambua kuwa mtu hasafiri mpaka Garsen kwa ajili ya saa kuukuu bila ya sababu. Alipouliza mjini akaambiwa kuwa ikiwa ni ya kweli, thamani yake ni kubwa mno. Tangu siku hiyo akawaambia ndugu zake kwamba saa ni ukumbusho wa baba na haiuzwi. Na huku kwa siri awauliza madalali bei. Nyumba ya mama yao ilichukuliwa na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na mmoja katika dada zake ni mjane mwenye mayatima. Dada hao ndio waliotuletea swali: je, tuna haki katika saa ya baba?

Jawabu letu ni: ndiyo, mna haki, wala hapana shaka. Kijana ametoa hoja tatu, nasi tutazijibu moja moja bila ya kumtukana, kwani yeye ni ndugu yetu na tunamtakia kheri.

Hoja ya kwanza: kwamba ni mila, nguo na vitu alivyovaa marehemu huchukuliwa na mtoto wa kiume mkubwa. Twasema: mila haiondoi fungu lililowekwa na Mwenyezi Mungu. Kila alichokimiliki marehemu mpaka alipokufa, kikubwa au kidogo, ni tarika. Kofia ni tarika, jembe ni tarika, na saa ni tarika. Ikiwa warithi wote wamemwachia kofia kwa ridhaa zao, ni hisani yao. Lakini huwezi kusema mtu ameridhia kuacha jambo asilolijua. Dada zake walinyamaza wakidhani ni saa ya shilingi mia tano. Kunyamaza huko si ridhaa ya kuacha mamilioni.

Hoja ya pili: kwamba baba alimwambia katika ugonjwa wake, "Saa hii ni yako." Hapa yataka kupambanua. Lau baba angempa saa akiwa na afya yake, na mtoto akaipokea mkononi mwake, ingekuwa hiba kamili, ijapokuwa imesisitizwa sana mzazi awe sawa baina ya watoto wake. Lakini neno lililosemwa katika maradhi ya mauti, au lililokusudiwa litekelezwe baada ya kufa, hukumu yake ni hukumu ya wasia. Na wasia kwa mrithi haupiti illa warithi wengine waukubali baada ya mauti. Hapa hawakuukubali.

Hoja ya tatu: kwamba ni ukumbusho, na ukumbusho hauuzwi. Hoja hii ina huruma ndani yake, nasi hatuidharau. Moyo wa mtoto huona baba yake katika kitu alichokivaa. Lakini huzuni si ya mtoto mmoja. Mama naye ana ukumbusho wake, na sasa hana paa. Na mwenye kutaka ukumbusho kwa kweli hauulizi bei kwa madalali.

Namna ya kugawa kitu kisichogawika

Kwanza hulipwa gharama za maziko na madeni ya marehemu, kisha wasia halali usiozidi thuluthi, kisha ndipo urithi. Tufanye mfano wa hesabu tu, ili mambo yafahamike. Tuseme hapana deni wala wasia, na saa imeuzwa kwa shilingi 8,000,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, apata thumuni, nayo ni 1,000,000. Zilizobaki ni 7,000,000. Watoto wa kiume wawili wahesabiwa mafungu mawili mawili, na wa kike watatu fungu moja moja, jumla mafungu saba. Kila fungu ni 1,000,000. Basi kila mtoto wa kiume apata 2,000,000, na kila binti apata 1,000,000.

Saa haiwezi kukatwa vipande. Kwa hiyo ziko njia tatu. Ya kwanza: iuzwe na wagawane thamani. Ya pili: mmoja wao aichukue, naye awalipe wenziwe mafungu yao kwa bei ya haki, na hii ndiyo njia ya mwenye kutaka ukumbusho. Ya tatu: wakubaliane wote kwa hiari kuiweka kwa ushirika. Katika njia zote hizo bei haikadiriwi na mmoja wa warithi, bali na watu wawili wajuzi na waaminifu ambao hawana nia ya kuinunua.

Wakishindwa kuafikiana, Mahakama ya Kadhi iko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi uwezo wa kuhukumu mas'ala ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Lakini sulhu ya nyumbani ni bora kuliko hukumu. Hivi tunapoandika, warithi wamekubali saa iwekwe amana kwa mtu wa tatu mpaka ithaminiwe. Twamuomba Mola awaunganishe nyoyo zao.

Tena twawanasihi katika jambo moja la kazi. Wasimpe fundi yeyote kuing'arisha, wala kuibadili uso, wala mishale, kwa kutaka ipendeze. Wanunuzi wa saa hizi wataka uso wa asili, hata ukiwa umefifia. Ukibadilishwa, thamani yaanguka. Na waitafute kila barua, picha ya zamani au stakabadhi yenye kuonyesha kuwa mzee alikuwa Muscat na alipewa saa ile. Karatasi iliyomo ndani ya sanduku la mama huenda ikawa na thamani kubwa.

Zaka na dhahabu

Watu wengi huuliza juu ya zaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, saa isiyo ya dhahabu wala fedha, iliyo ya kuvaliwa au ya kuwekwa tu, haina zaka, hata ikiwa ya bei kubwa. Na iliyorithiwa haiwi mali ya biashara kwa nia tu ya kuiuza, mpaka iuzwe. Lakini yule aliyeinunua saa kwa nia ya kuja kuiuza kwa faida, hiyo ni bidhaa ya biashara. Kila mwaka unapotimia yampasa aithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si kwa bei aliyoinunulia, na ikiwa imefika nisabu atoe rubui ya ushuri, yaani mbili na nusu kwa mia. Wako watu ambao wakiulizwa na wake zao kwa nini wanunua saa ya tatu husema, "Hii ni biashara," na wakiulizwa zaka husema, "Hii ni yangu ya kuvaa." Mtu na achague neno moja.

Ama dhahabu, mwanamume haruhusiwi kuivaa, ikiwa ni pete au saa. Mwanamke yu huru nayo. Iliyopakwa rangi ya dhahabu, maulamaa wa madhehebu yetu wametazama: lau ingetiwa motoni ingetoka dhahabu ya kuokoteka? Ikitoka, haifai kwa mwanamume. Isipotoka, hapana dhambi katika kuivaa. Na mwanamume mwenye saa ya dhahabu tupu asidhani kwamba kuificha kabatini kwamwondolea zaka. Dhahabu yake yahesabiwa pamoja na dhahabu na pesa zake nyingine katika nisabu, nayo ni kadiri ya gramu 85.

Hila za sokoni

Katika biashara ya vitu adimu shetani ana kiti chake. Wako wachorao khanjari juu ya uso wa saa ya kawaida wakaiuza kwa bei ya tunu ya Sultani. Huo ni ughushi mtupu. Wako waingiao mnadani wakapandisha bei hali hawana nia ya kununua, ili mwingine anaswe. Hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa. Na wako waendao kwa mjane au mzee kijijini, wakimjua kuwa hajui, wakampa bei ya mbuzi kwa mali ya ghorofa. Huenda karatasi ya mauzo ikawa imetiwa sahihi, lakini kumhadaa mtu kwa ujinga wake ni dhulma. Mwenye kuuzia watu wasiojua na awaambie, na mwenye kununua kwao naye awaambie.

Je, kukusanya saa ni haramu?

Hatusemi hivyo. Mwenye mali ya halali, akatoa zaka yake, akawatimizia wake na wazazi na watoto haki zao, kisha akapenda kuweka saa nzuri, hatuna ruhusa ya kumharamishia pambo ambalo Mola hakuliharamisha. Mtu aweza kupenda ufundi wa saa kama mwingine apendavyo nakshi ya mlango wa Lamu. Lakini kila kitu kina mpaka. Anayekopa ili aonekane, amevuka. Anayeuza ng'ombe wa ukoo ili apigwe picha ya mkono, amevuka. Anayeshindana kuwa na kile ambacho jirani hana, na asome Surat Takathur kwa mazingatio.

Na tutaje jambo la kuzingatiwa. Mwasisi wa Rolex, Hans Wilsdorf, alikuwa mtu wa dini nyingine. Lakini mwaka 1945, baada ya kufiwa na mkewe, aliunda taasisi mfano wa wakfu wetu. Alipofariki mwaka 1960 kampuni yake ikabaki mikononi mwa taasisi hiyo, na mpaka leo sehemu ya faida hutolewa kwa misaada huko Geneva. Sasa tujiulize: babu zetu waliowakifu mashamba na visima, je, sisi wajukuu wao tumewakifu nini?

Bonde la Tana liko karibu na mstari wa ikweta; mchana na usiku wake hukaribiana mwaka mzima, na ndiyo maana hesabu yetu ya saa, inayoanza jua linapochomoza na linapotua, hutufaa sana. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Surat Al-Asr, wala hakuapa kwa chombo cha kuupimia. Chombo chaweza kurithiwa, kuuzwa, kuibiwa au kuzama mtoni. Wakati ukipita haununuliwi kwa dola milioni 17 wala kwa faranga milioni 31.

Basi ndugu zetu wa Garsen, Tarasaa, Kipini na kwingineko, kabla ya kuuliza saa ni ya nani, ulizeni mama amelala wapi usiku wa leo. Mkianza na hilo, mgawanyo utakuwa mwepesi inshallah.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.